Ubingwa wa gokati za watoto usinunuliwe

Gokati ni chombo cha ajabu kwa uchache wa vitu vyake. Haina springi, haina shokapu, haina difu, na katika madaraja ya watoto haina hata giya. Ni fremu ya mabomba ya chuma iliyokaa karibu kugusa lami, kiti kigumu kisichorekebishika, injini ndogo ubavuni mwa dereva, mnyororo kama wa pikipiki na tairi nne zisizofika goti la mtu mzima. Ya kwanza iliundwa California mwaka 1956 na Art Ingels, fundi wa magari ya mashindano, kwa injini iliyokusudiwa mashine ya kukatia nyasi. Miaka minane baadaye, mwaka 1964, mchezo huo ulikuwa tayari na bingwa wake wa kwanza wa dunia. Leo ni kazi kumtaja dereva mkubwa wa langalanga, yaani Formula 1, ambaye hakuanzia humo: Ayrton Senna, Michael Schumacher, Fernando Alonso, Lewis Hamilton, Max Verstappen, Charles Leclerc, wote ni watoto wa gokati. Kwa hiyo anayeamua ni mtoto gani ashindane akiwa na miaka minane au kumi na miwili, ndiye anayeamua madereva wa dunia watatoka wapi. Hoja yangu ni kwamba kwa sasa uamuzi huo unafanywa na fedha za mzazi kabla kipaji cha mtoto hakijapimwa, na kwamba dawa yake inajulikana na imeshajaribiwa. Hadi afikishe miaka 15, mtoto ashindane katika gokati inayomilikiwa na waandaaji, aliyogawiwa kwa kura, yenye injini iliyofungwa kwa sili.

Ili kuona kwa nini fedha zina nguvu kubwa hivyo, inafaa kwanza kuelewa chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Magurudumu mawili ya nyuma ya gokati yameshikwa na ekseli moja, hivyo huzunguka kwa kasi ileile wakati wote. Gari lenye difu huliruhusu gurudumu la nje ya kona kukimbia zaidi kuliko la ndani. Gokati haina ruhusa hiyo, na ikiachwa hivihivi itang'ang'ania kwenda mbele moja kwa moja. Ili ikate kona, gurudumu la nyuma la upande wa ndani lazima linyanyuke kidogo kutoka kwenye lami. Linanyanyuliwa na pembe ya magurudumu ya mbele dereva anapokata usukani, na uzito wa mwili wake unaotupwa upande wa nje, na kupinda kwa fremu yenyewe. Mtoto akikata usukani kwa pupa, gurudumu hunyanyuka kupita kiasi na mwendo unakufa. Akikata kwa woga, halinyanyuki, na pua ya gokati inateleza kuelekea nje ya njia. Hakuna kompyuta ya kumfichia kosa. Anajifunza kwa mikono na kwa mgongo, mzunguko baada ya mzunguko, na ndiyo sababu waliolelewa humo, wakishaingia katika magari makubwa, huonekana kuhisi mtelezo wa tairi kabla haujatokea. Kama shule, sijui iliyo bora kuliko hiyo.

Tatizo ni kwamba ule upungufu unaoifanya gokati iwe mwalimu mzuri ndio unaoifanya imeze fedha. Kwa kuwa hakuna springi, kazi yote ya springi inafanywa na chuma cha fremu. Chuma kinachopindwa na kunyooka maelfu ya mara huchoka. Fremu iliyokuwa hai mwanzoni mwa msimu hulegea, na familia yenye uwezo hununua nyingine. Tairi laini za mashindano hutoa ubora wao wote katika mizunguko michache ya kwanza, kisha hushuka, kwa hiyo anayefanya mazoezi kwa tairi mpya anajifunza gokati ile atakayoiendesha siku ya mashindano, na anayefanyia tairi kuukuu anajifunza gokati nyingine kabisa. Injini za cc 125 za daraja la vijana huvuka mizunguko 13,000 kwa dakika, na kwa mwendo huo lazima zifunguliwe na kufanyiwa ukarabati baada ya saa chache za kazi. Zaidi ya hayo, injini mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja hazifanani. Tofauti ni ndogo mno kwa mtu wa kawaida, lakini kuna mafundi ambao kazi yao ni kuzisaka tofauti hizo, na kuna wazazi wanaonunua au kukodi injini kadhaa ili wabaki na ile moja iliyo bora.

Tuiweke tofauti hiyo ndogo mahali inapofanya kazi. Kiwanja cha Lonato, kaskazini mwa Italia, ambacho ni kama Makka ya mchezo huu, kina urefu wa mita 1,200. Mzunguko mmoja huchukua chini ya dakika moja. Katika mashindano ya vijana hapo, makumi ya watoto huweza kutenganishwa na muda usiofika sekunde moja kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Sehemu mbili za kumi za sekunde zilizotoka kwenye fremu mpya na injini iliyochaguliwa zinatosha kumpandisha mtoto kutoka nafasi ya ishirini hadi ya tano. Meneja wa timu kubwa aliyesimama kando akitafuta chipukizi wa kumsajili anaona nafasi ya tano na nafasi ya ishirini. Hana jicho la kuona ni sehemu gani ya pengo hilo imetoka mikononi mwa mtoto na ni sehemu gani imetoka benki. Hapa ndipo mchezo unapojidanganya. Unaamini unachuja vipaji, na matokeo yake yanaandikwa kwenye karatasi kama ushahidi wa vipaji, ilhali kipimo chenyewe kimechanganya vitu viwili visivyoweza kutenganishwa tena.

Wapo watakaosema mashine bora imekuwa sehemu ya mbio za magari tangu zianze, na hiyo ni kweli. Lakini si kila mashindano hutoa uzito uleule kwa mashine. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu, alishinda Safari Rally akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda. Safari ya enzi hizo ilikuwa maelfu ya kilomita za matope ya masika, mito iliyofurika na mashimo. Katika uwanja wa namna hiyo, busara ya kujua wapi pa kupunguza mwendo, na ujuzi wa kulitengeneza gari njiani, viliweza kufidia upungufu wa gari kwa dakika nyingi, hata kwa saa. Katika mita 1,200 za lami safi hakuna mahali pa kufidia. Mtoto mwenye busara ya Joginder, akipewa fremu iliyochoka, atamaliza katikati ya kundi na hakuna atakayeuliza jina lake.

Gharama zenyewe si za kubahatisha. Toto Wolff, mkuu wa timu ya Mercedes, aliwahi kukadiria hadharani kwamba kijana mwenye kipaji anayepitia ngazi za kimataifa hutumia kama yuro milioni moja katika gokati peke yake, kabla hajakalia gari la Formula la daraja lolote. Huyo ni mtu aliye ndani ya mfumo, ambaye timu yake imefaidika nao, wala si mwanaharakati wa nje. Fedha hizo huenda kwenye fremu, injini na tairi nilizozitaja, na pia kwa timu zinazokodisha hema, fundi na mtaalamu wa takwimu. Kwa siku za mazoezi za mwaka mzima. Kwa hoteli na ndege kati ya Italia, Ubelgiji, Hispania na Uingereza. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliye katika mzunguko huo anaishi kama mtumishi wa kampuni inayosafiri, na masomo yake yanafuatia nyuma.

Kila hoja hii inapotolewa, jibu la kwanza huwa jina la Lewis Hamilton. Baba yake, Anthony, alifanya kazi zaidi ya moja ili kumudu gokati. Mtoto alianza kushindana mwaka 1993 akiwa na miaka minane, na akiwa na kumi alikuwa bingwa wa Uingereza wa daraja la watoto. Leo ana mataji saba ya dunia. Kama yeye aliweza, wanauliza, mfumo una kosa gani? Mfano huo, ukitazamwa kwa makini, unathibitisha kinyume chake. Mwaka 1998, Hamilton akiwa na miaka 13, McLaren walimwingiza katika mpango wao wa kulea madereva, na tangu hapo mzigo ukaondoka kwenye mabega ya familia. Alivuka kwa sababu kampuni moja iliamua kumvusha mtoto mmoja. Yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba familia ya wafanyakazi kama yake isingeweza kufika leo, kwa kuwa wale ambao angeshindana nao wangekuwa na fedha nyingi mno. Anayemtumia Hamilton kuutetea mfumo anapaswa kueleza kwa nini Hamilton hautetei. Michael Schumacher naye hutajwa mara kwa mara: mtoto wa fundi mwashi wa Kerpen. Ni kweli, lakini baba yake ndiye aliyekuwa akiendesha kiwanja cha gokati cha mji huo na mama yake alikuwa akifanya kazi kwenye mgahawa wake. Alikuwa maskini wa fedha na tajiri wa kiwanja. Watoto wangapi wa waashi wana kiwanja nyumbani?

Mfano wenye funzo kubwa zaidi kwangu ni wa Charles Leclerc, na ajabu yake ni kwamba hutajwa mara chache. Kwa kuwa ni mzaliwa wa Monaco, wengi hudhani alizaliwa na kila kitu. Baba yake, Hervé, aliwahi kuendesha Formula 3, na mtoto alijifunza kwenye kiwanja cha Brignoles, kusini mwa Ufaransa, kilichokuwa cha familia ya rafiki yao Jules Bianchi. Ilipofika miaka ya 2010 na 2011, fedha za familia zilikuwa zinaisha na mwisho wa safari ulionekana. Aliyemwokoa ni Nicolas Todt, meneja wa madereva, aliyemchukua mwaka 2011 baada ya Bianchi kumpigia debe. Sasa tazama lililotokea mwaka huohuo. Tangu 2010, shirikisho la kimataifa la magari, FIA, lilikuwa limeanzisha Karting Academy Trophy, mashindano ya vijana waliopendekezwa na vyama vya nchi zao, wote wakitumia fremu za aina moja na injini za aina moja zinazogawiwa na waandaaji. Mshindi wa mwaka 2011 alikuwa Leclerc. Mahali pale ambapo fedha ziliwekwa kando, kipaji kilichokaribia kuachwa njiani kilijitokeza cha kwanza. Mfumo wa kawaida ulihitaji urafiki wa familia mbili na neno la rafiki ili kuona kile ambacho mashindano ya mashine sawa yalikionyesha kwa kila mwenye macho. Leclerc alikwenda kuwa dereva wa Ferrari, na mwaka 2024 alishinda mbio za nyumbani kwao Monaco.

Haitoshi kusema kwamba vipaji vichache vinapotea. Kuna dhara kwa mtoto anayebaki ndani. Wazazi wa Esteban Ocon, Mfaransa aliyefika langalanga na kushinda mbio za Hungary mwaka 2021, waliuza nyumba na familia ikaishi ndani ya karavani ili mtoto aendelee na gokati. Hadithi hiyo husimuliwa kwa sifa, na upendo wa wazazi hao haupingiki. Hata hivyo tufikirie uzito wake upande wa mtoto. Akiteleza kwenye kona ya kwanza, amepoteza mbio na pia amepunguza thamani ya nyumba iliyouzwa kwa ajili yake. Mpira wa miguu una wazazi wakali pembeni mwa uwanja, lakini ni nadra mtoto wa miaka kumi kuingia uwanjani akijua kwamba paa la nyumba yao liko ndani ya kiatu chake. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi, na watu wa gokati huishikilia hekima hiyo kwa nguvu: anza mapema, la sivyo umechelewa. Mimi sina ugomvi na kuanza mapema. Ugomvi wangu ni na kumkunja samaki huku familia nzima imening'inia kwenye mkia wake.

Tena shirikisho hilohilo, FIA, limeshakubali kwamba mtoto si mtu mzima mdogo. Mwaka 2007 lilishirikiana na taasisi ya Snell kuweka kiwango maalumu cha kofia ngumu za watoto, kwa kuwa shingo ya mtoto haimudu uzito wa kofia ya mkubwa. Max Verstappen alipoingia langalanga mwaka 2015 akiwa na miaka 17, kanuni ilibadilishwa haraka na umri wa chini wa leseni ya juu, ile inayohitajika katika langalanga, ukawekwa miaka 18 kuanzia mwaka uliofuata, ingawa siku hizi mlango umelegezwa kidogo kwa vijana wa kipekee. Maana yake ni kwamba mwenye kanuni ana uwezo wa kuingilia kati pale anapoona hatari. Mwili wa mtoto umewekewa ulinzi. Haki yake ya kupimwa kwa mizani iliyo sawa bado imeachwa kwa soko.

Na njia ya kuilinda haki hiyo haihitaji kubuniwa upya. Fainali kuu za Rotax, ambazo huwakutanisha washindi wa mashindano ya nchi mbalimbali tangu mwaka 2000, huwapa madereva gokati na injini kwa kura. Marekani na Kanada, madaraja mengi ya viwanja vya mitaa hutumia injini ya Briggs & Stratton iitwayo LO206, ambayo hutoka kiwandani ikiwa imefungwa kwa sili zenye namba; fundi akiifungua, mtoto ameondolewa, na nguvu ya injini ya mtoto mdogo hupunguzwa kwa kipande cha chuma kinachozuia hewa. Uingereza imekuwa na daraja la watoto linalotumia injini ya Honda GX160. Hii ya mwisho inastahili kutazamwa kwa ukaribu na wasomaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu ni jamaa wa karibu wa injini tunazozijua: zile zinazosukuma maji mashambani na kuendesha mashine za ujenzi. Mafundi wanaoijua wamejaa mijini kwetu, na vipuri vyake vinauzwa kwenye maduka yaleyale yanayouza vya jenereta. Gokati ya mtoto si lazima iwe chombo cha kigeni kinacholetwa kwa ndege pamoja na fundi wake.

Pingamizi la kwanza la kweli hutoka kwa mafundi wenyewe, nami nalipa heshima. Wanasema kurekebisha mashine ni nusu ya mchezo; dereva asiyejua kwa nini gokati yake inateleza hatamsaidia mhandisi wake baadaye, na gokati za kugawiwa huzaa madereva wa kukaa na kukanyaga tu. Lakini ni marekebisho yapi yanayofundisha? Kubadili upepo wa tairi, kupanua au kubana nafasi ya magurudumu, kuchagua sproketi yenye meno mengi zaidi ili kuchomoka kwenye kona au machache zaidi ili kukimbia kwenye mnyoofu: yote haya yanaweza kuruhusiwa katika gokati ya kura, na hayagharimu chochote zaidi ya kufikiri. Mtoto atalazimika kueleza kwa maneno yake gokati inafanya nini na kuchagua dawa. Kitakachokatazwa ni kununua fremu ya tatu. Sioni kununua kunamfundisha mtoto nini kuhusu mashine.

Pingamizi la pili ni kwamba usawa wenyewe ni ndoto: hata kwenye kundi la gokati mpya ishirini kuna moja nyepesi na moja nzito. Ni kweli kabisa, na yeyote aliyeahidi usawa kamili amedanganya. Jibu ni kuzungusha. Mbio za siku zigawanywe katika raundi fupi, na baada ya kila raundi dereva ahamie gokati nyingine kwa kura mpya. Gokati mbovu itampata kila mmoja kwa zamu, na mwisho wa siku jumla ya alama itakuwa imefuta sehemu kubwa ya bahati. Zaidi ya hapo, bahati mbaya ya kura na ubora wa kununuliwa ni vitu viwili tofauti. Bahati humwangukia yeyote, na wiki ijayo itamwangukia mwingine. Ubora wa kununuliwa humfuata mtoto yuleyule kila wiki, kwa miaka saba, hadi uonekane kuwa ni tabia yake.

Pingamizi la tatu ni la haki ya mzazi: fedha ni zake, mtoto ni wake, kwa nini azuiwe? Sitaki azuiwe. Mwenye uwezo anunue gokati, akodi kiwanja, amwajirie mtoto wake mwalimu. Ninachokataa ni kwamba matumizi yake yaitwe ubingwa wa taifa. Chama cha nchi kinapotoa leseni, kinapompa mtoto bendera na kumpeleka nje kama mwakilishi, kinakuwa kimefanya tendo la umma. Kinaapa mbele ya nchi kwamba huyu ndiye dereva bora wa umri wake tuliyempata. Kama watoto walioshindana ni wale tu ambao wazazi wao waliweza kuagiza fremu kutoka Italia, kiapo hicho si cha kweli, hata kama mtoto mwenyewe ni hodari na hana kosa lolote.

Kwa eneo letu jambo hili limefika kwa wakati wake. Safari Rally ina historia tangu 1953, na ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 kwa msukumo na fedha za serikali ya Kenya. Mwaka 2022 Maxine Wahome alishinda daraja la WRC3 ndani yake, na wasichana wengi wa Kenya walimwona. Desemba 2024 FIA ilifanya mkutano wake mkuu Kigali, na Rais Paul Kagame akatangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za langalanga, ambazo hazijakanyaga Afrika tangu zile za Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Kwa hiyo anayesema kwamba nchi zenye uhaba wa madawati hazina sababu ya kujadili gokati, ninamwelewa, lakini amechelewa kidogo: fedha za umma zimeshaingia katika magari ya mashindano, na nyingine ziko njiani. Lililobaki kuamuliwa ni nani atafaidika nazo. Kiwanja cha langalanga kinajengwa kwa ajili ya wageni wanaokuja siku tatu kwa mwaka. Kiwanja cha gokati cha kilomita moja ni sehemu ndogo tu ya gharama hiyo na kinaweza kutumiwa na watoto kila Jumamosi, na kando yake fundi chipukizi akajifunza injini, breki na uchomeleaji. FIA yenyewe imeandaa michoro ya gari dogo la mashindano ya vumbi, kroskaa, ili vyama vya nchi viliunde kwa mikono ya mafundi wao. Mantiki hiyohiyo ifuatwe kwa gokati.

Faida yetu ni kwamba mchezo huu bado ni mchanga kwetu. Kenya ina viwanja, kama cha Whistling Morans huko Athi River, lakini haina bado biashara nzito ya timu na mafundi wa injini ambayo huko Italia ingepinga mabadiliko kwa nguvu zake zote. Ulaya inahangaika kurudi nyuma. FIA imeanzisha madaraja ya kitaifa yenye gharama nafuu zaidi, na kazi inakwenda taratibu kwa sababu kila kanuni mpya inagusa riziki ya mtu. Sisi hatuna wa kumnyang'anya. Tukianza kwa kuiga mfumo wa hema na yuro, baada ya miaka kumi tutakuwa na familia mia moja zilizowekeza humo, na wakati huo hoja ya usawa itasikika kama wivu.

Ninachopendekeza kwa vyama vya magari vya Kenya, Rwanda na majirani zao kinaweza kuandikwa kwenye kanuni za leseni za msimu ujao. Taji la taifa kwa walio chini ya miaka 15 ligombewe katika gokati za chama pekee, zenye injini ya mipigo minne iliyotiwa sili, zikiwa zinatunzwa kiwanjani na fundi anayelipwa na chama. Ada ya mtoto ihesabiwe kwa siku ya mashindano, pamoja na kofia na suti ya kuazima. Shule za msingi zilizo karibu na kiwanja zipewe nafasi za majaribio kila muhula, maana mtoto ambaye hajawahi kukalia gokati hawezi kujua kama anaiweza. Daraja la gokati binafsi liendelee kwa wanaolitaka, lenye vikombe vyake na ratiba yake, ila bila jina la bingwa wa taifa na bila tiketi ya kwenda kuiwakilisha nchi. Tiketi hiyo ibaki kwa yule aliyezungushwa gokati sita kwa siku moja na bado akamaliza mbele.